Kuhesabu Stesheni

Simu ya tatu asubuhi ile ilikuwa ya kweli.
Mbili za kwanza ni watoto wa likizo,
wamepiga moja moja nne kusikia tu nani anapokea,
wakacheka, wakakata.
Ya tatu haikucheka. Ilisema:
Ipuli, nyuma ya mashine ya kusaga,
watu wawili wamo kisimani,
na jenereta imo humohumo.

Mlewa akawasha king'ora. Tabora ikatupisha shingo upande,
baiskeli za mkaa, bodaboda, mbuzi wa mtu.
Begi la huduma ya kwanza nimelipakata
kama mtoto mwenye homa.

"Mmechelewa!"
Hiyo ndiyo salamu yetu mtaani.
"Na maji leo mmebeba?"
Mama, leo maji si shida.
Maji yako chini, futi arobaini,
shida ni hewa iliyolala juu yake.

Luhende aliteremsha jenereta ili avute tope.
Alipoitwa asiitike, mdogo wake Kasubi akamfuata.
Ndivyo kisima kinavyokula:
wa kwanza kwa kazi,
wa pili kwa undugu.
Wa tatu alikuwa ameshavua viatu
tulipomshika mkono.

Igulu akajitwika mtungi wa hewa, akashuka,
sisi juu tukimwachia kamba
kiganja kwa kiganja.

Watu wanatujua kwa kuzima.
Hawajui kwamba siku nyingi
hatukuti moto, tunakuta waliozimia,
na kazi inageuka:
unapiga magoti kwenye vumbi
unatafuta pa kuwashia.

Kasubi alitoka akikoroma.
Mkoromo ni habari njema, nikamlaza ubavu,
nikamvisha barakoa ya oksijeni.
Luhende alitoka kimya.

Chuoni walisema: bonyeza thelathini, puliza mbili.
Lakini namba hunikimbia watu wakilia.
Baba yangu alikuwa gadi wa treni,
nilijua reli kabla ya kujua kusoma,
basi mimi nahesabu anavyohesabu yeye:
Tabora, Mabama, Usoke, Urambo, Kaliua,
Usinge, Nguruka, Uvinza, Luiche, Kigoma.
Kumi. Rudia. Rudia tena.
Safari tatu za kwenda ziwani, kisha pumzi mbili,
kisha turudi Tabora tuanze.

Nyamizi, mkewe, alisimama na kandambili moja mguuni.
Hakulia. Aliuliza, "Unasema nini hapo?"
Nikagundua nahesabu kwa sauti.
Usoke. Urambo. Jasho likadondoka kwenye shati lake,
kwenye mfuko wenye tiketi ya bahati nasibu.
Kaliua. Mbavu moja ikalia chini ya viganja.
Usiache. Usinge.

Nilimpeleka mara ngapi Kigoma sijui.
Mlangoni Kitete daktari aliniwekea mkono begani,
na mkono wa daktari begani
hauhitaji tafsiri.
Kasubi alikuwa kitanda cha pili, amefumbua macho,
akauliza kaka yuko wapi.
Nikasema niite muuguzi.
Naliandika hili kwa sababu sikujibu.

Jioni baba ananiuliza, kama kila jioni,
"Leo mmezima nini?"
Nasema, hatukuzima. Tumewasha mmoja.
Halafu, sijui kwa nini, nikamsomea stesheni zangu,
moja hadi kumi, nikiwa nimefumba macho,
kama mwanafunzi anayeogopa fimbo.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akakohoa.
"Umeruka mahali," akasema.
"Kati ya Usinge na Nguruka kulikuwa na kituo kidogo,
hakina jengo, hakina taa.
Treni haikusimama pale
ila mtu akipunga kitambaa."

Nikanawa mikono mara ya nne.
Glovu zilikuwa bado zinadondosha maji kwenye kamba.
Miaka sita napita pale kwa kasi,
tabora-mabama-usoke-urambo,
macho mbele,
sijawahi kutazama kando ya reli.