Tuta la Kumi na Saba

Asubuhi ya kwanza kazini Arvi Loikkanen
hakutaka kukiona cheti changu.
Alinipa koleo, akanipa na keekee
ndefu kuliko mimi, akasema: toboa, pima.
Nikatoboa. Maji yakapanda shimoni, meusi kama kahawa yake.
Sentimita ishirini na mbili. Akaandika,
kisha akaigonga barafu kwa kisigino
kama mtu anayebisha hodi kwa jirani asiyemwamini.

Januari, Ziwa Saimaa,
na theluji haba kama chumvi ya mgonjwa.
Zamani, alisema Arvi, upepo uliifanya kazi hii bure:
ukisukuma theluji kwenye kingo za visiwa
mpaka ikawa kichuguu, na sili
akaitoboa barafu kutoka chini, akachimba chumba,
akazaa humo gizani, mbali na pua ya mbweha.
Siku hizi upepo unakuja mikono mitupu.
Kwa hiyo serikali imetuajiri, mimi na wewe,
tuwe upepo.

Miaka minne nimesoma takwimu, sheria za uvuvi,
magonjwa ya samaki, ramani za setilaiti.
Hakuna aliyenifundisha kupiga tuta.
Mita nane urefu, kimo cha kifuani,
shindilia, ngoja, ongeza.
La kumi na saba Arvi alilipanda
likambonyea hadi magotini.
"Hili la viazi," akasema. "Anza upya."
Nikaanza upya. Jasho likagandia kwenye nyusi.

Nyumbani mama akauliza: na wanakulipa kweli?
Mjomba Tauno hakuuliza kitu.
Yeye na sili wana kesi ya siku nyingi,
na kuanzia katikati ya Aprili hadi Juni iishe
sheria, ambayo sasa inavaa koti langu,
inamkataza kutega nyavu.
Alinisogezea bakuli bila kunitazama.
Damu nzito kuliko maji, husema watu.
Hawajala meza moja na mvuvi aliyefungiwa ziwa.

Kisha tukakatazwa kusogea.
Hiyo nayo ni kazi, inashinda koleo:
kukaa ofisini ukibandika lebo kwenye chupa,
jicho dirishani, ukiomba mvua isinyeshe.
Ilinyesha. Siku mbili.

Aprili tulirudi tukiburuta mtumbwi,
maana barafu ilikuwa imeanza kusema uongo.
Matuta mengi yaliporomoka kabla hajahamia mtu.
La kumi na saba lilibonyea katikati,
na chini yake tundu la duara, kingo laini
kama mdomo wa mtungi uliozoea mkono.
Sikumwona sili. Sikumwona mtoto.
Niliona nywele, nyeupe inayoelekea kijivu, zimenata ukutani,
na pale maji yanapocheza,
kondo la nyuma.

Arvi akanipa mfuko wa plastiki. "Andika tarehe."
Nikalipokea ziwani kwa mikono miwili,
zito kuliko nilivyodhani.
Namba ya tuta. Hali ya hewa. Jina la mkusanyaji:
Kerttu Kuivalainen,
kalamu ikigoma kwa baridi, nikiikaza,
mkunga aliyefika wageni wameshaondoka.

Mkataba wangu unaisha Juni thelathini.
Siku ileile mjomba anarudishiwa ziwa lake.
Jana nilimkuta bandani akiziba matundu ya wavu.
Nilisimama mlangoni na koti langu la serikali.
"Walikuwepo?"
"Mmoja."
Akafunga fundo, akafunga jingine.
"Kwenye tuta lako?"
"La kumi na saba. Lile nililorudia."
Akakata uzi kwa meno,
akanionyesha kwa kidevu
ncha ya pili ya wavu, niishike.