Nambari Thelathini na Saba

Niliinunua Kibuye, Jumapili, jua la saa saba,
kati ya lundo la pasi na redio zilizotolewa matumbo.
Muuzaji hakujua ni nini.
"Kitu cha mguu," alisema, "labda cha cherehani."
Alitaka elfu tano. Nikageuka, nikaenda hatua tisa,
akaniita kwa elfu tatu na mia mbili
na adapta isiyo yake juu.

Nyumbani Manyatta nikaisugua kwa mswaki.
Plastiki, si chuma. Kona moja imeyeyuka,
mtu aliiweka karibu na jiko.
Lakini iliwaka!
Sauti arobaini ndani ya kitu kisichofikia tofali.

Nisiwadanganye, bei rahisi ina sauti yake.
Ukiichomeka kwenye stima ya ukutani
nyuki wote wa Nandi wanahamia kwenye spika.
Mkwaruzo wake ni bati likiburutwa juu ya kokoto.
Tena iliundwa kwa gitaa la solo, si kwa besi:
ukiiwasha, nyuzi nene zinakonda
kama ng'ombe wa Februari, mbavu zote nje.
Nilijifunza polepole. Betri za kalamu,
ingawa zinakula pesa ya sukari.
Mwangwi uwe haba, haba sana,
kama chumvi ya mgonjwa wa presha.

Na vua viatu. Swichi zimebanana;
kiatu hukanyaga mbili, kidole gumba hukanyaga moja.
Ndiyo maana mimi, Adongo, hupiga besi peku,
na watu wa Kondele hudhani ni madaha.

Obudho wa solo alicheka mpaka akakohoa.
"Benga ni vidole. Haitaki kopo."
Humo ndani mna mpiga ngoma pia, mdogo,
hali, hadai nauli, hachelewi.
Tulimjaribu siku Ogweno alipokwama Luanda.
Anajua roki, anajua bosanova,
benga hajui, masikini;
kila tulipokata kona yeye alinyooka
kama bwana harusi aliyesahau kwa wakwe.
Tukamzima. Obudho akagonga chupa kwa kijiko.

Sasa niseme kilichonifanya niandike.
Usiku mmoja nilikuwa nikizipekua sauti,
nyingine roboti, nyingine nzi ndani ya chupa,
nikafika thelathini na saba.
Skrini ina nafasi ya herufi sita tu.
Ilisema: FILGON.

Filgona. Jina limekatika mkia.
Kiwanda gani cha ng'ambo kingelijua jina hilo?
Mtu aliinama hapa, papa hapa,
akabonyeza herufi moja baada ya nyingine,
akaishiwa na nafasi kabla ya kuishiwa na mtu.

Nikagusa uzi wa nne.
Ikatoka sauti ya duara, imelowa kidogo,
na nyuma yake mwangwi mmoja, mmoja tu,
umechelewa kuliko ningethubutu mimi,
kama aliyeitwa akajibu kutoka jikoni.
Na besi haikukonda.
Huyu alijua.

Mbona uliiuza? Au si wewe uliyeuza?
Vitu vya marehemu navyo hufika Kibuye,
huanikwa juani, hupanguswa majina.
Hili halikupanguswa kwa sababu hakuna aliyekuwa na waya.

Nimeipiga hadharani mara moja, matangani Holo,
saa tisa usiku, watu wamechoka kulia na kucheza.
Obudho aligeuka, akaitazama miguu yangu.
Hakusema kopo.

Jana nilipata sauti yangu mwenyewe, nzuri,
nikataka kuihifadhi. Nafasi zimejaa.
Kidole gumba kikaelea juu ya swichi,
kikaelea, jirani akazima taa yake.
Nikafuta thelathini na nane, ile ya nzi,
nikaandika A, D, O, N, G, O.
Herufi sita. Likatosha.

Tunakaa mlango kwa mlango sasa,
mimi na yeye nisiyemjua,
na aliyemwita.