Ina Uwezo

Duka la Nurdini liko Barabara ya Kumi na Moja,
kati ya muuza magodoro na fundi cherehani.
Nilikwenda na laki sita na arubaini, fedha ya upatu,
noti bado zinanuka iliki ya kabati la mshika-fedha.
Nikasema: nataka mashine ya kuchapia kadi za harusi.
Iwe inaoana na printa yangu,
ile kuukuu ya marehemu kaka Salimini,
na programu mpya ya michoro, ile yenye maua.

Akaigusa stika kwa ukucha.
Stika ya rangi ya samli, pembeni mwa kibodi,
Kizungu kidogo kidogo kama sisimizi.
"Maana yake ina uwezo wa toleo jipya.
Inaoana, dada. Inaoana na kila kitu.
Hii hata ukiichomekea pasi, itaitambua."

Nikacheka.
Kicheko ndicho kilichofungua pochi.

Mimi, Mwanamkuu binti Shekue,
miaka kumi na minne nachapa kadi Ngamiani,
nayajua maneno ya ndoa hadi upande wake wa pindo.
Mshenga akisema kijana ana uwezo,
hajasema ana kazi.
Akisema yu tayari,
hajasema lini.
Niliwahi kuchapa kadi mia mbili za mtu mwenye uwezo;
zipo kabatini mpaka leo, boksi zima,
jina la bibi harusi limeanza kufifia.
Yote haya nayajua.
Na bado.

Nyumbani waya uliingia tunduni, tii,
kama mguu kwenye kiatu ulichopimiwa.
Printa ikakohoa.
Mashine ikauliza: hiki ni kifaa gani?
Nikabonyeza sawa. Ikauliza tena.
Maua nayo yalifunguka petali moja
kwa muda wa kuinjika maharage mpaka yaive,
kisha kioo kikageuka buluu, buluu ya ndoo mpya,
na Bi Mwanasiti yuko kaunta, pochi kwapani,
anangoja kadi sabini za bintiye. Harusi Ijumaa.

Nikairudisha. Nurdini hakukana.
"Stika haikusema inafanya, dada. Imesema ina uwezo.
Ukiiongezea kumbukumbu, laki na ishirini tu,
na ukibadilisha ile printa..."
Itabaki nini, nikamuuliza, cha ile niliyonunua?
Akatazama magodoro ya jirani.
Alikuwa hajui. Nilimwona hajui.
Stika ilimfikia dukani imeshabandikwa;
aliisoma kama nilivyoisoma mimi,
kwa hamu.

Kadi sabini nikaziandika kwa mkono, siku mbili usiku,
kidole cha kati kikaota sugu.
Bi Mwanasiti akazihesabu mara mbili,
hakusema nzuri, hakusema mbaya,
akalipa nusu, akanyanyua macho juu ya mlango wangu
na kuyaacha huko kitambo.

Juu ya mlango wangu pana kibao:
KADI ZA RANGI, DAKIKA KUMI.
Nilikitundika mwenyewe, printa ingali mpya,
kaka Salimini akishika saa:
kadi moja, rangi moja, alfajiri, umeme una nguvu.
Dakika kumi zilikuwa kweli siku ile.

Sijakishusha. Kupanda ngazi naogopa,
na kibao kipya kina gharama yake.
Nimepaka chokaa kwa ufagio hapo ninapofikia.
Sasa kinasomeka KADI ZA RANGI, DAKIKA,
na watoto wa madrasa wakipita
huniuliza: ngapi?

Mashine ninayo. Maandishi matupu inaandika,
maua ndiyo imekataa katakata.
Stika niliibandua kwa mafuta ya taa na kisu cha siagi.
Ikatoka. Gundi imebaki,
mraba mdogo unaonata, mweusi kwa vumbi,
na kiganja changu cha kushoto hukwama pale pale
kila nikianza kuandika
jina la bwana harusi.