Mguu Sawa

Kongwa, Novemba 1978

Saa kumi na moja filimbi. Koplo Nyamhanga haipulizi,
anaikaripia, kana kwamba usingizi wetu tumeuiba kwake.
Napapasa buti gizani: la kulia namba tisa,
la kushoto saba. Ndivyo bohari lilivyonijalia.
"Mguu sawa!"
Nami nisiye na mguu ulio sawa na mwenzake
nasimama hivyohivyo, huku kidole kimejikunja kama kiwavi,
huku nimeshindilia gazeti la juma lililopita
lenye ramani ya mto ambao sijawahi kuuona.

Bunduki za kweli zimetangulia kwa treni.
Sisi tumebaki na za mti. Fundi wa shule alizichonga siku nne,
yangu ina fundo ubavuni, dole gumba limeshalizoea.
Tunalala kifudifudi, tunalenga kichuguu,
tunasema "pa!" kwa vinywa vyetu.
Watu wazima sitini, wenye wake na madeni,
"pa!"
na mbuzi wa kijijini wanatutazama wakitafuna.

Ya Chilongani ilipotea usiku wa upepo.
Kesho yake maharage yakaiva mapema kuliko siku zote
na mpishi hakumtazama mtu usoni.
Sajini Mtulia akampa mwiko, aubebe wiki nzima,
begani silaha, teremsha silaha,
ukoko wa ugali wa jana ukimdondokea shingoni.
Tulicheka. Tukarushwa kichura hadi kwenye tangi la maji.

Alasiri ni handaki.
Udongo wa hapa unajulikana: zamani walikuja watu na matrekta
kulima karanga, ukawavunjia majembe ya chuma,
wakaenda zao, wakaacha kutu.
Sisi tuna sululu sita na zamu.
Rwegoshora peke yake haachi zamu yake.
Kwao ni huko huko kunakopigwa,
karibu kabisa na mto ulio ndani ya buti langu.
Redio ya bohari ikianza habari, anasimama.
Ikinyamaza, anachimba kama mtu anayefukua.
Hatumuulizi. Ila jioni mlenda wake hujaa kuliko wetu
na hakuna aliyempakulia.

Kisha ile siku. Tulikuwa shimoni, kiuno kizima,
wingu likapanda kutoka Kiboriani,
tone likapiga vumbi, vumbi likanuka.
Sululu zilisimama bila amri.
Mgogo, Mkaguru, Mrangi, kila mtu kimya anapiga hesabu:
nyumbani atapanda nani? Jembe lipo. Mbegu ipo darini.
Mke ana mimba ya miezi saba.
Sajini naye, mtu wa mpunga wa Rufiji, amevua kofia,
na filimbi imekaa mdomoni mwa Koplo haina pumzi.

Nilikuwa na uwele mfukoni, konzi moja.
Mama aliufunga kwenye kitambaa siku naondoka,
hakusema ni wa kula au wa kupanda.
Nikautia ukingoni mwa handaki,
nikafukia kwa kisigino, kile cha namba tisa.

"Kuruta! Unafanya nini?"
"Nafunika handaki, afande. Adui asilione."
Sajini alinitazama, mvua ikimshuka puani.
"Shimo hadi shimo," akasema, "iwe hatua moja."

Malori ya kutupeleka stesheni Dodoma yalikuja siku ya tisa.
Uwele ulikuwa na urefu wa ukucha.
Chilongani aliruka chini, akakimbia, akarudi anahema:
ameuchomeka mwiko mwisho wa mstari,
mbuzi wajue pana lindo.

Bunduki ya kweli nilipewa Mwanza, usiku, kwa kutia sahihi.
Ilikuwa baridi, laini kote.
Dole gumba likatafuta fundo,
likatafuta,
sikujua niishike wapi.