Gramu Nne

Mchana napima malori.
Tani ishirini na nane, tani thelathini na mbili,
dereva ananitazama dirishani kama hakimu,
nabonyeza, karatasi inatoka, anakwenda zake na mbolea yake.
Kilo kumi hapa na pale hatugombani.

Usiku, Shimanzi, nyuma ya ghala la magunia,
nagombana na gramu.

Nyamvula amelikereza gurudumu la injini,
lile zito likaalo kati ya krenki na klachi.
Kilo nane lilikuja, kilo tano limebaki,
na nyuzi za chuma zimejikunja sakafuni,
buluu kwa joto,
kama nywele za mtoto asiyetaka kusukwa.
"Nimekula ukingoni tu, kiunoni sijagusa.
Ukilikondesha kiunoni litakupasukia miguuni."

Tumelivisha ufito, tumeliweka
juu ya makali mawili yaliyonyooshwa kwa pimamaji.
Zima feni.
Hata feni inasukuma.

Linakwenda robo, linasita,
linarudi kama mtu aliyesahau ufunguo,
linatulia. Palipo chini ndipo penye uzito.
Nyamvula anatia chaki juu.
Tunalizungusha. Chaki inarudi juu.
Mara ya tatu, chaki juu.
Chuma hakisemi uongo,
ila hakitaji kiasi.

Ndiyo maana nimeazima mizani ya sonara.
Bwana Taherali wa Mji wa Kale,
ile anayopimia pete za maharusi,
akaniapisha nisiitie grisi.
Tunabandika udongo wa kuchezea watoto upande wa chaki,
tonge, nusu tonge, punje,
mpaka gurudumu linasimama popote unapoliacha.
Tunabandua. Tunapima.
Gramu nne.
Pete ya binti asiye na makuu.

Keekee inalia upande ule mzito,
tundu moja, la pili jembamba, kina cha ukucha.
Chaki haina tena pa kukimbilia.

Wallahi nilidhani tumemaliza.
"Na klachi?"
Kifuniko chake nacho kina mzigo wake,
springi na riveti, kila moja na tabia yake.
Wawili waliotulia, ukiwafunga pamoja,
wanaweza kuzaa fujo. Uliza watu wa ndoa.
Tukafunga bolti sita, tukapima upya,
tukatoboa palipobidi,
kisha akagonga nukta mbili zinazotazamana,
moja kwenye gurudumu, moja kwenye kifuniko.
"Ukifungua siku yoyote, rudisha nukta kwa nukta.
Ukihamisha hata tundu moja, usinipigie simu."

Mamangu hutunga mashairi ya harusi,
huhesabu mizani kwa kugonga kidole mezani.
Mwezi uliopita alisema: "Gari lako
lina mshororo wenye silabi iliyozidi."
Jumamosi nikaliwasha uani.
Akatoka na mwiko, akasikiliza,
kidole kikigonga ukuta chenyewe.
Hakusema kitu. Akarudi jikoni.
Nimeichukua hiyo kama cheti.

Sisemi yote ni sukari.
Gurudumu jepesi halina subira:
pale Makupa gari limenizimia mara tatu,
honi nyuma, muuza korosho akinicheka,
maana uzito tulioutupa
ndio uliokuwa ukinivumilia.
Naachia klachi kama mwanafunzi, mguu ukitetemeka.
Lakini kwenye uwanja wa vumbi, mizunguko ikifika elfu sita,
kigingi cha gia kimetulia mkononi,
na katika kioo nasoma, tarakimu kwa tarakimu,
namba ya aliye nyuma yangu.

Jumatatu alfajiri, kabla ya lori la kwanza,
nimelipitisha juu ya mizani ya kazini.
Namba zikacheza, zikasimama:
mia saba na arobaini.
Ileile ya kabla ya Shimanzi.
Mizani ya malori huhesabu kwa ishirini ishirini,
kilo tatu haizijui,
sembuse gramu nne.

Nikachapa karatasi hata hivyo,
nikaitia mfukoni.