Konzi ya Mchele

Balbu yetu iko katikati ya dari,
nami hukata vitunguu nikiipa mgongo.
Miaka sita, tangu tuhamie Bwiru,
nimekatia ndani ya kivuli cha kichwa changu.
Aliyetujengea alijua kufunga taa;
hakujua mpishi husimama wapi.

Mama alipokuja kutoka Ukerewe
alisogeza ungo hadi mlangoni,
akawa anachambua mchele kwa jua,
na jua likizama anafunika,
analala na njaa ya kazi.
"Macho yangu hayana neno," akasema.
"Jiko lako ndilo kipofu."

Jumamosi nikafunga konzi ya mchele kwenye leso,
mchele na mawe yake, na dagaa watano,
nikashuka nao mjini, Mtaa wa Rwagasore,
kwa Lugembe, ambaye kuta za duka lake huwaka mchana.
Taa za chini ya kabati, nikamwambia.
Za rangi? Zinazocheza? Zenye rimoti?
Nikamwaga mchele juu ya kioo cha kaunta.

Chini ya ile ya manjano kila kitu kilikuwa harusini:
mchele umenona, na jiwe limejifanya mchele.
Chini ya ile ya buluu
dagaa walikufa mara ya pili.
Lugembe akacheka, akafungua boksi la tatu,
nyeupe isiyo na baridi, ubavuni imeandikwa elfu nne,
na pale, kati ya punje na punje,
jiwe. Dogo, jeusi, linanitazama.
Nipe hii. Mita tatu.

Bei hakupunguza. Alinyoosha kidole:
transfoma usinunue ya kubahatisha,
kata penye alama ya mkasi, si kwingine,
na dada yangu, mafuta ya jikoni ni adui wa gundi.

Nilisugua kwa spiriti hadi pua ikawaka.
Shija, mwanangu, alishika tochi na maoni mengi.
Tulibandika kwanza nyuma, jirani na vigae;
ukuta ukang'aa kama wa hoteli,
ubao wa kukatia ukabaki gizani.
Tukabandua. Tukaleta mbele, nyuma ya mdomo wa kabati,
ndani ya mfereji wa alumini
wenye kifuniko cha rangi ya maziwa,
na mwanga ukashuka, ukatua penye kisu.
Pembeni, karibu na friji, gundi ilikataa katakata.
Hapo pameshikwa na plasta ya kidonda mpaka leo.

Tukawasha, tukapiga makofi, uniti zikaisha.

Tarakimu ishirini baadaye
mama alisimama pale, akaitazama mikono yake,
akaigeuza, akaigeuza tena,
kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokiazimisha zamani.
Nikangoja baraka.
"Kumbe ukuta wako una mafuta," akasema.

Juzi usiku niliamka kunywa maji.
Mwezi haukuwapo, kwa hiyo wavuvi wa dagaa walikuwa kazini,
taa zao zimejipanga majini
kama mtaa usio na nyumba.
Jikoni, balbu ya dari imelala;
upo ule mstari mmoja tu, mwembamba,
na chini yake ungo,
na juu ya ungo vidole vinavyokwenda haraka
kuliko nilivyovikumbuka.
Mchele wa kesho alishamaliza, uko sufuriani, umefunikwa.
Alikuwa kwenye wa keshokutwa.
Mawe aliyapanga kwenye kisahani cha kikombe,
sijui kwa nini, kwa ukubwa.

Nikanyoosha mkono kwenye swichi.
"Usiwashe ya juu," akasema bila kugeuka,
"utanipotezea."