Themanini na Moja

Ghorofa ya tatu, hospitali moja mjini Dundee,
kazi yangu kupima barua kabla hazijatoka.
Naziingiza kwenye mashine. Inahesabu
maneno ya kila sentensi, silabi za kila neno,
kisha inatoa alama,
kama mwalimu anayesahihisha insha kwa rula.

Chini ya sitini, Bi Morag hurudisha:
"Kata. Msomaji wetu mchukulie ana miaka kumi na miwili."
Msomaji wetu wa leo ana sabini na sita,
Bwana Lorimer, mchomeleaji wa meli
hadi karakana ilipofungwa.

Kuhesabu silabi sikufundishwa huku.
Baba alitunga kwa vidole, nane huku, nane kule,
gumba likigonga ukingo wa meza
mpaka kina kikae.
Mizani yake ilikuwa ya sikio, si ya soko.

Juzi, saa ya chakula, niliijaribu mashine
kwa neno moja la nyumbani,
nililokuwa nikimwambia mwanangu taa inapozimwa:
Sitakuondokea.
Silabi saba. Mashine ikatoa sifuri,
ikashauri apewe mwenye shahada.
Mwanangu alikuwa na miaka mitatu.
Alielewa, akageukia ukutani, akalala.

Barua ya leo imepata tisini na sita:
Uvimbe umerudi. Njoo Jumanne. Usije peke yako.
Bi Morag kafurahi, haijapata kutokea.
Karatasi bado ina joto la printa
nami namwona Bwana Lorimer jikoni kwake,
anafika mwisho, anarudi juu,
anafika mwisho,
anavua miwani anaifuta kwa ncha ya shati
kana kwamba kosa ni la kioo.
Sentensi tatu. Asubuhi nzima.

Nikaketi tena. Nikaongeza hii:
Ukifika ulizia Catriona wa mapokezi, yule mwenye nywele nyekundu
na sauti kubwa, atakukalisha karibu na hita,
atakuletea chai, na hatakuharakisha hata kidogo.
Ndefu. Ina mikato mitatu. Nikaisoma kwa sauti,
gumba likigonga meza bila kuambiwa.

"Alama kumi na tano zimekwenda wapi?"
akauliza Bi Morag, miwani puani.

Bahasha nilikuwa nimeshailamba.